Origami maana yake ni kukunja

Juzi mpwa wangu alinijia mbio, tembo mkononi. Kichwa alikikata kwenye karatasi ya kijivu, masikio mawili mapana akayabandika kwa gundi, na mkonga ulikuwa utepe wa karatasi aliouzungusha kwenye penseli mpaka ukajiviringa. "Mjomba, ona origami yangu!" Tembo alikuwa mzuri kweli, na nilimsifu kwa moyo wote. Lakini lile jina lilinikaa kooni, maana si yeye wa kwanza. Siku hizi kila kitu cha karatasi anachotengeneza mtoto ni origami: barakoa ya simba ni origami, bundi wa bomba la karatasi ya chooni ni origami, kiwavi wa pete za karatasi zilizounganishwa kwa gundi naye ni origami. Hata kurasa za wanyama za kupaka rangi nimeziona zimepewa jina hilohilo, na hakuna karatasi iliyokunjwa hata mara moja.

Origami ni ufundi wa kukunja karatasi mpaka ipate umbo. Karatasi moja, mara nyingi ya mraba, isiyokatwa wala kubandikwa. Basi.

Jina ni la Kijapani na limeundwa kwa maneno mawili. Ori limetoka kwenye kitenzi oru, yaani kukunja, na kami ni karatasi. Yakikutana, k ya kami hulainika ikawa g, ndipo tukapata origami. Sisi wa Kiswahili jambo hilo halitupi tabu: wingi wa ulimi ni ndimi, l imekuwa d, na hakuna anayeshtuka. Kinachonishtua mimi ni ile hadithi inayozungushwa kwamba origami ni "karatasi takatifu", kwa kuwa kami kwa Kijapani ni mungu pia. Hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti tu. Yanaandikwa kwa herufi tofauti kabisa, na kuyachanganya ni sawa na mgeni kutuambia kwamba kaa la moto na kaa wa baharini ni ndugu.

Halafu neno hilo lina historia ambayo wengi hawajaisikia. Kabla ya kuwa jina la sungura na vyura wa karatasi, origami ilikuwa hati: karatasi iliyokunjwa katikati na kuandikwa jambo rasmi. Hati ya namna hiyo ndiyo iliyotolewa kuthibitisha kwamba upanga fulani ni kazi halisi ya fundi fulani. Mpaka leo Mjapani akisema kitu ni origami-tsuki, yaani kina origami yake, anakusudia kwamba ubora wake umethibitishwa na hauna shaka. Ufundi wa kukunja maumbo wakati huo uliitwa kwa majina mengine, mojawapo likiwa orikata, namna za kukunja. Jina la origami lilikuja kuufunika baadaye. Tazama lakini: majina yalibadilika, kukunja kukabaki palepale. Hati ilikunjwa, korongo wa karatasi anakunjwa. Ukiondoa mkunjo, neno zima linabaki halina kitu ndani.

Na Wajapani hawakuacha kazi ya mkasi bila jina. Wana kirigami, ambamo kiri limetoka kwenye kiru, kukata. Karatasi ni ileile, na k imelainika vilevile, ila kitendo ni kingine na jina ni lingine. Kazi ya kubandika vipande vya karatasi juu ya karatasi tunaiita kolaji, neno lililotufikia kutoka kwa Wafaransa, ambao coller kwao ni kubandika kwa gundi. Kwa hiyo tembo wa mpwa wangu hakukosa jina la kumfaa. Alikatwa, akabandikwa. Ukimwita kolaji umesema kweli, na ukisema tu "tembo wa kukata na kubandika" umesema kweli zaidi, kwa maneno ambayo mtoto anayaelewa.

Mtu ataniuliza: kuna ubaya gani, si yote ni karatasi? Jibu naliona ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha yetu ina njia ya kutengua kitendo kwa kubadili mwisho wa kitenzi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Lililokunjwa linakunjuka, na hapo ndipo tulipompata mtu mkunjufu, ambaye uso wake hauna kificho. Bandika nayo ina bandua, ingawa kila aliyejaribu kubandua karatasi iliyoshika gundi anajua kwamba hutoka na ngozi ya mwenzake. Sasa tafuta mwenzake wa kata. Hayupo. Kuna katua, lakini huko ni kusugua chuma mpaka king'ae. Kilichokatwa hakina kitenzi cha kukirudisha kilivyokuwa, kwa sababu hakirudi.

Mtoto anaijua tofauti hiyo kwa vidole vyake kabla hajaweza kuisema. Akikosea mkasi, sikio la twiga limekwenda, na mara nyingi kilio kinafuata. Akikosea mkunjo, anakunjua na kuanza upya. Karatasi inakuwa na makovu kidogo, lakini nzima bado, na twiga bado yumo ndani yake. Simaanishi kwamba kukunja ni bora. Mkasi una mafunzo yake makubwa: jicho kufuata mstari, mkono mmoja kukata huku wa pili ukigeuza karatasi, ujasiri wa kufanya jambo lisilo na kurudi nyuma. Ninachosema ni kwamba ni mazoezi mawili tofauti ya akili, na mtoto aliyeambiwa kwamba tayari "amefanya origami" kwa mkasi na gundi anaweza kukua bila kulionja lile la pili.

Chukua uso wa mbwa, umbo ambalo pengine ndilo rahisi kuliko yote. Karatasi ya mraba ikunje kona kwa kona upate pembetatu, kisha iweke ncha ikielekea chini na mkunjo mrefu uwe juu. Pembe mbili za juu zishushe kwa mbele, moja kila upande, ziwe masikio. Ncha ya chini, tabaka zote mbili kwa pamoja, ipandishe kidogo iwe pua. Mikunjo minne, mbwa huyo. Mpe mtoto kalamu za rangi: macho, madoa, masikio ya kahawia, pua nyeusi. Wengi hukomea hapo na mbwa huishia kugandishwa ukutani.

Mimi humwomba mtoto afanye jambo moja zaidi: amkunjue. Karatasi inarudi kuwa mraba, na mbwa amesambaratika. Macho yapo kwenye nusu moja ya karatasi. Masikio yapo nusu ya pili, ng'ambo ya mkunjo mkuu, kila moja kwenye kona yake, na pua imekimbilia kona ya mwisho kabisa, mbali na macho. Nimeona watoto wakinyamaza hapo. Wanaikunja tena polepole, safari hii wakiifuata pua kwa macho, waone inasafiri vipi mpaka ikafika chini ya macho. Wakikunjua mara ya tatu wanaanza kubashiri: nikichora doa hapa, litatokea wapi? Hiyo ni jiometri kabla ya neno jiometri, na gundi haiwezi kuifundisha kwa sababu kilichogandishwa hakikunjuliwi ili kionyeshe kilivyotengenezwa.

Najua mwenye kuijua historia ana hoja ya kunipinga, na ni hoja nzuri. Mwaka 1797 kilichapishwa huko Japani kitabu cha kukunja korongo walioungana, ncha ya bawa la mmoja ikiishia kwenye mwenzake, wote kutoka karatasi moja, na karatasi hiyo inakatwa. Ni kweli. Lakini angalia mkasi unakata nini. Unaigawa karatasi kubwa iwe miraba midogo iliyoshikana, mara nyingi kwenye pembe tu. Korongo mwenyewe hapati bawa wala mdomo kutoka kwenye mkasi. Anakunjwa. Ni kama unapoikata karatasi ya kuandikia, ambayo ni mstatili, ili upate mraba wa kuanzia. Hapo mkasi umeandaa uwanja, haujacheza. Sharti la kutokata kabisa lilikazwa baadaye, na wako mafundi wasiolishika kwa ukali. Mimi sipigani kwa ajili ya sharti. Napigania kitenzi: umbo limetokana na nini?

Mtengano huu si wangu peke yangu pia. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyebuni chekechea na kufungua taasisi yake huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliweka kazi za karatasi miongoni mwa shughuli za watoto wadogo, na kukunja kulihesabiwa shughuli yake, kukata shughuli yake, kusuka vipande vya karatasi shughuli yake. Kila moja ilikuwa na mafunzo yake. Chekechea ya kwanza ya Japani ilipofunguliwa Tokyo mwaka 1876 ilifuata mtindo wake, na mikunjo ya Ulaya ikakutana na mikunjo ya wenyeji mezani kwa watoto. Kwani Ulaya nako walikunja: Wahispania wana pajarita, ndege mdogo wa karatasi ambaye jina lake maana yake ni hiyohiyo, ndege mdogo. Ufundi wenyewe hauna kabila moja. Jina tulilolipokea ndilo la Kijapani, na jina hilo linasema kukunja.

Mmoja wa waliolisambaza duniani ni fundi wa Kijapani Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1954 alieleza mikunjo kwa alama zinazofuatwa hadi leo: mstari wa vikato, yaani vistari vifupi vilivyoachana, kwa mkunjo wa bonde, unaoingia ndani, vikato na nukta kwa mkunjo wa mlima, unaotokeza nje, na mishale ya kuonyesha karatasi inakokwenda. Mtoto asiyejua kusoma, na asiyejua Kijapani wala Kiingereza, anaweza kuufuata mchoro wa namna hiyo. Yoshizawa alikuwa pia na njia ya kuilowanisha kidogo karatasi nzito ili mgongo wa mnyama uvimbe na kupinda kama wa kiumbe hai. Wanyama wake wana nyama mwilini, na bado ni karatasi iliyokunjwa.

Na tukiwa hapohapo kwenye vitenzi: mtoto anayejaza rangi kwenye picha ya pundamilia aliyechorwa na mtu mwingine anapaka rangi, hachori. Ni kazi nzuri ya kutuliza mkono na kuchagua, lakini usimwambie mwenzako "anachora sana huyu" kama hujawahi kumpa ukurasa mweupe. Na ukimwambia mtoto akunje ndege, eleza ni ndege yupi. Mmoja nilimwambia hivyo akaniletea ndege ya kurusha, yenye mabawa yaliyonyooka na pua kali. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa namwazia ndege huyu, yeye akanikunjia ndege hii, na yake iliruka.

Kwa mpwa wangu sikusahihisha papo hapo. Nilimwuliza tembo amemtengenezaje, akanieleza mwenyewe: nimekata hapa, nikabandika hapa, mkonga nimeuzungusha kwenye penseli. Nikamwambia, basi huyu ni tembo wa kukata na kubandika, na umemkata vizuri, hasa masikio. Origami ni yule anayekunjwa tu. Akauliza kama tembo naye anaweza kukunjwa tu. Nikamwambia anaweza, ila tuanze na mbwa. Alienda akairudisha gundi kwenye kopo, akaacha mkasi mezani, akatafuta karatasi yenye pande zote sawa. Hakuipata, ikabidi mkasi uitwe tena kutukatia mraba. Kisha tukauweka kando.