Je, wajua kila ukoo wa Uskoti ulipataje tartani yake?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tartani, kile kitambaa cha miraba cha Waskoti, kilikuwa kitambulisho cha vitani tangu enzi za Wakelti, watu wa kale wa Ulaya: mtu wa ukoo wa Campbell anamwona wa ukoo wa MacDonald kwa mbali, anasoma rangi za nguo yake, anachomoa upanga. Nikawasimulia na wenzangu, tena bila wasiwasi. Sivyo.

Katika vita vya Culloden, kule Uskoti, mwaka 1746, watu wa nyanda za juu za Uskoti walikuwamo katika majeshi yote mawili. Kilichowatambulisha ni utepe wa kofiani: mweupe kwa waasi, wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart, mweusi kwa askari wa serikali. Mchoro wa msanii David Morier wa vita vile unaonyesha tartani tofauti mwilini mwa mtu mmoja. Kisha sheria ikawakataza wanaume kuvaa mavazi hayo, isipokuwa wanajeshi, hadi 1782.

Basi koo zilizitoa wapi? Nyingi, dukani. Mwaka 1815 chama cha Waskoti waishio London kiliwaomba wakuu wa koo walete vipande vya tartani zao, na wapo ambao hawakujua yao ni ipi. Wafumaji wa Wilson wa Bannockburn, waliokuwa wakiuza baadhi ya tartani kwa namba tu, wakazidi kuzibandika majina, hasa Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822. Tartani ya Macpherson iliwahi kuitwa Kidd, jina la mteja aliyeinunua kwa jumla awavishe watumwa wake huko Karibi.

Kitambaa chenyewe lakini ni cha kale kweli. Kipande cha Falkirk, mji wa Uskoti, kilichokutwa pamoja na chungu cha sarafu za Kirumi, ni cha karne ya 3. Na mwandishi Mskoti Martin Martin aliandika mwaka 1703 kuwa nguo ya mtu ilidokeza atokako. Alisema mahali, hakusema ukoo.

Kinachonifurahisha zaidi ni ufumaji. Nyuzi za mtande, zile za urefu, hupangwa kwa rangi, na za mshindio, zinazozikata kwa upana, hufuata mpangilio uleule. Nyekundu ikipita juu ya nyekundu, mraba ni mwekundu mtupu. Ikipita juu ya kijani, rangi hazichanganyiki. Ni kama mchele na choroko ndani ya ungo: ukiinama unaona punje, ukisogea mbali unaona rangi ya tatu. Sasa zifikirie rangi sita kama wageni sita harusini, kila mmoja akimpa mkono kila mwenzake: mikono 15. Ongeza kila rangi inapokutana na yenyewe, unapata 21, kwa rangi sita tu za uzi. Shuka la Kimasai la miraba linafuata hesabu hiyohiyo.

Tangu 2009 serikali ya Uskoti ina daftari rasmi la tartani. Ukibuni isiyofanana na zilizomo na ukalipa ada, unaweza kuandikisha yako, hata kama huna ndugu Uskoti.