Vyungu vya Magdalene Odundo: yanayosemwa na yalivyo

"Hivi vimefinyangwa kwa gurudumu." Hivyo ndivyo husema wengi wakiona kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuhamia Uingereza 1971. Sivyo. Hutoboa bonge la udongo kwa ngumi, huvuta kuta zake kwenda juu, kisha huongeza mikanda ya udongo huku akikwangua kwa kipande cha kibuyu. Angalia shingo: mara nyingi imeinama upande mmoja, jambo ambalo gurudumu halikupi hivi hivi.

"Basi alirithi kwa bibi yake." Hili hupendwa na wanaotaka kila msanii wa Kiafrika awe ametoka kijijini na ufundi wake. Odundo alisomea sanaa Cambridge, na mwaka 1974 akaenda kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria (si mji mkuu wa leo; mji ule sasa huitwa Suleja). Huko walimu wake walikuwa wanawake wa Kigwari, kabila la huko, akiwemo Ladi Kwali, yule aliyechorwa nyuma ya noti ya naira 20. Shahada ya uzamili aliipata Royal College of Art, London, 1982.

Mng'ao nao hudhaniwa ni vanishi. Hakuna vanishi. Chungu husuguliwa, hupakwa udongo laini uliochujwa ukawa mwepesi kama uji, kisha husuguliwa tena.

"Vyeusi vimetokana na udongo mweusi." Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu udongo ni uleule. Hewa ikiingia jokoni vizuri, madini ya chuma yaliyo ndani ya udongo hushika oksijeni na chungu hutoka na wekundu wa chungwa. Kinachotakiwa kiwe cheusi hurudishwa motoni, safari hii kimefungiwa pamoja na vipande vya mbao. Hewa hukosekana, moshi hujaa, kaboni hupenya ngozi ya chungu. Moto nao una yake: weusi huweza kuishia ubavuni, wekundu ukabaki upande wa pili. Binafsi navipenda zaidi hivyo vya rangi mbili.

Na wanaouliza kimoja kinachukua lita ngapi? Si vya kuwekea maji. Vina tumbo, shingo, hata vijivimbe mithili ya kitovu, maana anachofinyanga ni mwili wa mtu. Vimo British Museum, na kwa kuwa havina tabaka la kioo juu ya udongo, maji yangevuja taratibu.