Shughuli za maktaba si kazi ya ziada

Wakazi wengi wa Nairobi hudhani kwamba vipindi vya hadithi na mijadala katika maktaba za umma, ikiwemo McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, hufanyika tu mkutubi akipata nafasi. Sivyo. Kipindi cha watoto kinachofaa huandaliwa mapema: wazazi na walimu wa mtaa huulizwa mahitaji yao, vitabu huchaguliwa kulingana na umri, na, jambo ambalo naliona gumu kuliko yote, hutafutwa saa ambayo kelele hazitawasumbua wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani. Baadaye waliohudhuria huhesabiwa, kwa kuwa idadi hiyo husaidia kutetea bajeti ijayo.