Malta: kisiwa kinachohesabu kura hadi ya mwisho

Mmalta akihesabu kwa sauti, Mswahili hugeuka kumtazama. Sita kwake ni sitta, ishirini ni għoxrin, hamsini ni ħamsin, mia ni mija, elfu ni elf. Kitabu ni ktieb na dunia ni dinja. Hakujifunza kwetu, wala sisi kwake. Sote tulichota kisima kimoja cha Kiarabu, ila sisi tulichukua maneno tukayapa sarufi yetu ya Kibantu, wakati Kimalta ni mtoto wa kuzaliwa wa Kiarabu.

Waarabu waliitwaa Malta mwaka 870. Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini ya Ufaransa, wakaja 1091, na kwa karne zilizofuata dini ikawa Ukatoliki na maneno mengi ya Kisisilia na Kiitaliano yakaingia. Mifupa ya lugha haikubadilika. Mkatoliki wa Malta humwita Mungu Alla, na mfungo wake wa Kwaresima huuita Randan, neno lililotokana na Ramadhani. Leo Kimalta ndiyo lugha pekee ya ukoo wa Kiarabu na Kiebrania iliyo rasmi katika Umoja wa Ulaya, nayo huandikwa kwa herufi za Kilatini.

Nchi yenyewe ina kilomita za mraba 316 tu, visiwa vyote pamoja. Unguja peke yake inaizidi kama mara tano. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 519,562, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa mgeni. Hakuna mto wa kudumu, hakuna ziwa, hakuna madini ya kutajwa. Zaidi ya nusu ya maji ya bomba ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi mitamboni.

Mali ya Malta ni mahali ilipo, katikati ya Mediterania, kama kilomita 90 kusini ya Sicily, kisiwa cha Italia. Kila dola lililotaka kutawala bahari hiyo liliitamani. Mwaka 1530 Mfalme Charles wa Tano aliwapa visiwa hivyo Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, chama cha watawa wapiganaji wa Kikatoliki, kwa kodi ya kipanga mmoja kila mwaka. Mwaka 1565 walihimili kuzingirwa na jeshi la Waturuki wa Osmani, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga Valletta, mji mkuu wa leo. Napoleon aliwafukuza 1798. Waingereza walishika nafasi yake miaka miwili baadaye, wakafanya bandari kuwa kituo cha manowari zao.

Gharama ya kuwa ngome ya mtu mwingine ilionekana 1942. Ndege za Ujerumani na Italia zilikipiga kisiwa mabomu karibu kila siku, chakula na mafuta vikakaribia kwisha. Mwezi Agosti meli 14 za mizigo zilitumwa. Zilizofika ni 5. Ya mwisho, meli ya mafuta Ohio, iliingia bandarini tarehe 15 ikiwa imevunjika, imeshikiliwa na manowari mbili ubavuni isizame. Nishani ya George ambayo Mfalme wa Uingereza aliwatunuku wananchi wote Aprili mwaka huo ingali kwenye bendera yao.

Uhuru ulikuja 21 Septemba 1964, miezi tisa baada ya Kenya, na jamhuri 13 Desemba 1974. Lakini wanajeshi wa Uingereza walibaki. Waziri Mkuu Dom Mintoff aliwadai kodi kubwa zaidi, na mkataba wa 1972 ukafikia pauni milioni 14 kwa mwaka. Walipoondoka 31 Machi 1979, taifa lililozoea kuishi kwa kulihudumia jeshi la wageni lililazimika kujifunza riziki nyingine: viwanda, utalii, bandari ya makontena ya Marsaxlokk, usajili wa meli na, tangu 2004, leseni za kamari ya mtandaoni. Mwaka huohuo iliingia Umoja wa Ulaya, na 2008 ikaanza kutumia yuro.

Mafanikio hayo ni ya kweli, na doa lake pia ni la kweli. Mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia, aliyefichua ufisadi wa wakubwa, aliuawa kwa bomu garini mwake 16 Oktoba 2017. Tume ya uchunguzi ilisema 2021 kwamba dola lenyewe lina wajibu, kwa kuacha utamaduni wa kutowajibishwa ukue. Uuzaji wa uraia kwa matajiri nao ulipigwa marufuku na mahakama ya Umoja wa Ulaya Aprili 2025.

Kwa upande wa serikali, Rais huchaguliwa na Bunge na nguvu ziko kwa Waziri Mkuu. Kinachonivutia zaidi ni uchaguzi. Majimbo ni 13, kila moja viti vitano. Mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Mgombea akipita sehemu moja ya sita ya kura za jimbo, ameshinda, na ziada yake huhamia kwa wanaofuata kwenye karatasi. Anayeshika mkia huondolewa, na kura zake huhamishwa vivyo hivyo.

Mwaka 1981 hesabu hiyo ilizaa dhuluma. Chama cha Nationalist kilipata asilimia 50.9 ya kura na viti 31. Labour, chenye kura chache, kikapata 34 na kutawala. Wapinzani walisusia Bunge, na miaka iliyofuata damu ilimwagika. Mapema 1987 pande zote mbili zilikubaliana kurekebisha Katiba: chama chenye zaidi ya nusu ya kura kiongezewe viti hadi kiwe na wingi. Mei mwaka huo Nationalist walipata tena viti 31, wakaongezewa vinne, na Labour, waliopitisha marekebisho hayo wakiwa madarakani, wakakabidhi serikali.

Hadi leo mawakala wa vyama husimama nyuma ya kioo cha plastiki katika ukumbi wa kuhesabia kura wa Naxxar, wakizisoma karatasi zinavyopangwa. Upande unaoona umeshinda huanza kukipiga kioo kwa viganja. Nchi nzima hujua matokeo kwa mlio huo, kabla tume ya uchaguzi haijatangaza, na kazi ya kuhamisha kura huendelea jimbo baada ya jimbo.