Nani Aliwaambia Kaktasi Haitaki Maji?

Wiki hii nimeletewa tena kaktasi iliyonywea kwenye chungu chake, na maelezo yaliyokuja nayo ni yale yale ninayoyasikia tangu nianze kazi hii ya kitalu: "Dada, nimefuata masharti yote, maji sikuipa kabisa, mbona haitoi ua?" Nikauliza mara ya mwisho ilipata maji lini. Mama wa watu akafikiri, akasema kabla ya mfungo. Nimechoka kulijibu swali hili kwenye simu, mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika lote.

Kaktasi inakunywa maji. Inapokuwa kwenye msimu wa kukua inakunywa kwa pupa kabisa. Tofauti yake na mchicha ni kwamba inajua kuweka akiba ndani ya shina, na inafunga vitundu vya ngozi yake mchana kutwa ili jua lisiinyonye. Usiku ndipo inapovifungua, inavuta kabonidayoksaidi, inaihifadhi kwa namna ya asidi mpaka asubuhi, halafu mwanga ukitoka inatengeneza chakula milango ikiwa imefungwa. Huo ni uwezo wa kuvumilia kiu. Watu wameuchukua uwezo huo wakaugeuza kuwa hitaji.

Na kosa hili linadumu kwa sababu lina ushahidi wa uongo. Fuatilia mtiririko wenyewe. Unainyima maji miezi mitatu. Haifi, inakula akiba yake, nawe unaona "inapenda hivi". Chini ya udongo vijizizi vyembamba, vile vinavyonyonya maji, vinakauka kimoja kimoja. Siku unapoihurumia ukaimiminia jagi zima, hakuna mizizi ya kuyapokea. Maji yanabaki kwenye udongo, shina linaanza kulainika kwa chini, wiki mbili baadaye limeoza. Unawaambia majirani: niliipa maji mara moja tu ikafa. Kiu ilishaimaliza zamani, maji yalikuta maiti.

Nusu nyingine ya kesi ni udongo. Kaktasi nyingi zinazofia Dar es Salaam zinafia kwenye ule udongo mweusi mzito zilimouziwa, unaogandamana ukikauka na kunata ukilowa. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukikaa umelowa siku kumi, hewa hamna, kuvu wanaingia. Ukinunua mmea kando ya Barabara ya Bagamoyo au popote pale, toa kiriba, pukutisha udongo wote, panda upya. Mimi nachanganya sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mtoni, sehemu moja ya chenga za mkaa au tofali la kuchoma lililopondwa, na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na kuchekechwa. Chenga ni zile zinazobaki chini ya gunia, lakini zichekeche kwanza, vumbi lake linaziba. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi, hata ukiusuuza mara ngapi mimi siuamini. Jaribio ni rahisi: mwaga maji juu ya chungu. Yakitokea kwenye matundu ya chini ndani ya sekunde chache, udongo uko sawa. Yakituama juu, huo ni udongo wa kufyatulia matofali. Na chungu kisicho na tundu, hata kiwe kizuri namna gani, kitoboe au kiwekee maua ya plastiki.

Sasa lile la kijiko. Ushauri wa "kijiko kimoja kwa wiki" umeenea mpaka unaandikwa kwenye vikaratasi vinavyochomekwa kwenye vyungu, na unanikera kuliko kutomwagilia kabisa. Jangwani mvua ni chache, kweli. Tucson kule Arizona, nchi ya yale makaktasi marefu yenye mikono, inapata kama milimita 300 kwa mwaka, wakati sisi Dar tunapata zaidi ya 1,000. Lakini inaponyesha kule, inanyesha ya nguvu, ardhi inalowa mpaka chini, halafu inakauka. Mizizi imezoea mtindo huo. Kijiko kinalowesha kidole kimoja cha juu, kinakauka kabla ya jioni, mizizi ya chini haipati kitu. Lowesha chungu kizima mpaka maji yatoke chini, kisha acha udongo ukauke ndipo urudie. Utajuaje umekauka? Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke mpaka chini, kiache kidogo, kichomoe. Kikitoka na udongo umegandia, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kalenda usiitumie: Januari chungu kidogo cha udongo kinakauka kwa siku chache, masika cha plastiki kinaweza kumaliza wiki mbili bado kina unyevu.

Maji yenyewe pia yatazame. Mitaa mingi ya hapa tunategemea kisima, na maji ya kisima kwa wengi wetu ni ya chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, hiyo chumvi inakusanyika na mizizi inaungua taratibu. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo chini ya bati wakati wa vuli na masika, yatumie kwa mimea hii tu. Ukikosa, angalau kila mara chache mwagilia kwa wingi ili chumvi isombwe itoke chini.

Yote hayo ni kwa kaktasi za jangwani. Kuna nyingine ambazo jangwa hazijawahi kuliona, na kwa bahati ndizo zenye maua makubwa zaidi, na ndizo zinazoupenda mji wetu. Kaktasi za msituni zinaota juu ya miti, kwenye majani yaliyooza katikati ya matawi, mahali penye kivuli chepesi na unyevu hewani. Malkia wa usiku, Epiphyllum oxypetalum, anatoka huko, kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati. Wengi wanao kwenye ukuta wa uani bila kujua kwamba ni kaktasi, maana hana miiba ya kuonekana na anaonekana ana majani marefu mapana. Yale si majani, ni mashina yaliyobapa. Tazama ukingoni: penye kila kishimo kidogo ndipo ua linapotokea.

Na nataka niliseme ua hili vizuri, kwa sababu ndilo lililoniingiza kwenye kazi hii. Kichipukizi kinaanza kidogo, kinaning'inia kwa kikonyo kirefu. Jioni ya siku yenyewe kile kikonyo kimejikunja kuelekea juu, na ncha imevimba. Kwenye saa mbili, saa tatu usiku vile vijani vyembamba vya nje vinaachia kimoja kimoja, ukitulia unaviona vinasogea. Kufikia karibu saa sita ua limefunguka lote, jeupe, pana kuliko kiganja, na harufu yake imeingia mpaka vyumbani. Alfajiri limelegea. Kwa mtu anayetoka nyumbani kumi na moja asubuhi kuwahi mwendokasi na kurudi giza limeshaingia, hakuna mmea unaofaa zaidi: unachanua saa ambazo yupo. Mpe jua la asubuhi, kivuli cha mchana, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa kwenye ule mchanganyiko, na maji. Huyu ukimkausha miezi mitatu kwa sababu umesikia kaktasi haitaki maji, vichipukizi vyote vinadondoka.

Jamaa yake yule wa tunda la joka tunaye sana siku hizi, watu wanamlima kwa biashara. Naye ua lake ni la usiku mmoja, na anataka nguzo imara maana anakuwa mzito. Baadhi ya aina hazijichavushi zenyewe, kwa hiyo amka na brashi ndogo, chukua chavua ya mmea wa aina tofauti, paka kwenye ua kabla halijafunga.

Wa tatu ni ile inayoitwa kaktasi ya Krismasi, nayo inanipa maswali kila Desemba. Schlumbergera, ndilo jina lake la kitaalamu, ni ya milima ya pwani ya kusini mashariki mwa Brazili. Inaandaa maua usiku unaporefuka na hewa kupoa. Huko kaskazini ya dunia hali hiyo inafika mwisho wa mwaka, ndiyo maana jina likawa hilo. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwetu hali hiyo inaangukia kipupwe, Mei mpaka Julai. Kuidai ua Desemba, joto likiwa juu usiku kucha, ni kuionea. Na urefu wa usiku wetu haubadiliki sana, tofauti kati ya usiku mrefu na mfupi kabisa hapa Dar haifiki saa moja, kwa hiyo inategemea mno ule ubaridi wa Juni. Halafu mtu anaiweka barazani chini ya taa ya ulinzi inayowaka mpaka asubuhi! Giza likikatizwa, inahesabu kwamba bado ni mchana. Wakulima wa tunda la joka kule Vietnam wanawasha taa usiku makusudi ili mimea yao ichanue nje ya msimu. Taa hiyo hiyo inamwamsha mmoja na kumzuia mwingine.

Kuhusu dirisha: vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la kusini. Viacheni. Hapa jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu katikati ya Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la mchana liko upande wa kusini, miezi mingine yote liko kaskazini. Dirisha la kaskazini ndilo linalopata jua muda mrefu zaidi wa mwaka. Na kaktasi ya jangwani iliyokaa pembeni ya televisheni itarefuka, itapauka, itainama kuelekea mwanga, ua hutaliona. Ukiitoa nje, itoe taratibu chini ya neti ya kivuli, la sivyo itaungua.

Na mbolea, haraka haraka: urea hapana. Nitrojeni nyingi inakupa mwili mnene laini bila ua, na vidugamba vyeupe, wale wadudu wanaonyonya mimea, wanaufurahia. Tafuta yenye potasiamu zaidi, kidogo, wakati wa kukua tu.

Nilitaka pia watu waache kudanganywa. Ile kaktasi yenye kichwa chekundu au cha njano juu ya shina la kijani haijachanua. Kile kichwa ni kaktasi nyingine isiyo na klorofili, imepandikizwa juu ya shina, mara nyingi la tunda la joka, kwa sababu peke yake haiwezi kujilisha. Ni mmea halali, lakini hauishi miaka mingi. Kilicho wizi ni maua makavu yaliyobandikwa kwa gundi ya moto. Yapo. Gusa petali: likichakarisha na halijafumba wala kunyauka wiki nzima, ni gundi, na ukilibandua unaacha jeraha kileleni, pale pale mmea unapokulia.

Kisha wale wa maziwa. Mnyaa wa uzio wa nyumbani na taji la miiba la Madagascar si kaktasi. Kaktasi ina vivimbe vidogo vyenye manyoya mafupi, na miiba inatokea humo. Jamii ya mnyaa haina. Tofauti hii si ya kitaaluma tu: utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari, osha kwa maji mengi na nenda hospitali. Wenye watoto wadogo, panda mbali na njia.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vinalisema kwa uhakika kuliko ninavyoweza mimi. Vinasisitiza kwamba kaktasi za jangwani hazichanui bila baridi ya nyuzi 10 hivi wakati wa mapumziko. Usiku wa kipupwe chetu hauteremki hivyo, lakini Mammillaria kadhaa, zile kaktasi ndogo za jangwani, zinavaa duara la maua kileleni mvua za vuli zinapokaribia. Ndiyo maana nadhani ukavu wa Juni mpaka Agosti unafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na hiyo ndiyo miezi pekee ninayopunguza maji. Nadhani, siapi. Zile za Andes, Rebutia na ndugu zake, usizinunue kwa ajili ya maua, huku joto linazishinda. Na ile mviringo yenye miiba ya dhahabu haichanui mpaka iwe kubwa, miaka kumi na tano na zaidi, basi usiniletee ya ukubwa wa chungwa ukauliza ua liko wapi.

Kwa nyumba zenye msaidizi anayemwagilia kila kitu kila asubuhi, tenganisha. Za msituni ziweke karibu na jiko pamoja na kangaga, za jangwani ziweke mbali, chini ya ukingo wa bati mahali masika haipigi. Msimwachie binti wa watu kazi ya kukisia.

Anayetaka kuanza, aanze na malkia wa usiku. Omba kipande cha urefu wa mkono wa mtoto kwa jirani, kiache kivulini wiki nzima mpaka pale palipokatwa pakauke pagande, weka alama upande wa chini maana kikipandwa kichwa chini hakishiki. Kizamishe vidole viwili kwenye udongo wenye unyevu kidogo, kifunge kwenye kijiti kisiyumbe. Kikivutwa kidogo na kisitoke, mizizi imeshika, na kuanzia siku hiyo mwagilia mpaka maji yatoke chini.