Digrii ya kompyuta unayo, kazi ziko wapi?

Meseji ninazopata sana siku hizi ni za vijana waliomaliza sayansi ya kompyuta juzi juzi, wengine wa TUM pale Tudor, wengine wa Pwani University kule Kilifi, na swali ni lile lile: kaka, kwani hizi kazi zimeenda wapi? Kijana ametuma CV mpaka amechoka, nyumbani anaulizwa kila jioni kama wamepiga simu, akiingia onlaini anasoma kwamba uprogramu umekufa, AI imeumeza. Mimi natengeneza mifumo ya makampuni ya klearing, wale wanaotolea watu mizigo bandarini, na ya yadi za kontena hapa Mombasa, na tukitaka watu wapya mimi ndo huwahoji. Wacha niandike mara moja ninavyoona, manake nikimjibu kila mmoja kivyake sitamaliza.

Kwanza hii habari ya Marekani inayotisha watu. Wakati wa Korona pesa ya kukopa kule ilikuwa karibu bure, makampuni yakaajiri kupita kiasi. 2022 riba ikapandishwa na hesabu zikageuka: Meta ikapunguza watu 11,000 mwezi wa Novemba, Januari 2023 Google ikatoa 12,000 na Microsoft 10,000. Sasa ChatGPT nayo ilitoka Novemba hio hio ya 2022, ndo watu wakaunganisha mambo mawili yakawa moja, lakini aliyefukuza wale watu wa mwanzo ni riba, AI ilikuwa haijafika hata mezani. Kuna takwimu za benki kuu ya Marekani, tawi la New York, zilizotoka 2025 ambazo kila mtu anazitaja, kwamba waliomaliza sayansi ya kompyuta karibuni wasio na kazi ni asilimia 6.1, na uhandisi wa kompyuta 7.5, juu kuliko masomo mengi. Ni kweli. Lakini jedwali hilo hilo linaonyesha kwamba wanaofanya kazi isiyohitaji digrii ni asilimia 16.5 tu upande wa kompyuta, wakati kwa wahitimu wote kwa jumla ni karibu wanne kwa kila kumi. Maana yake mlango umekuwa mwembamba, ila anayeupita bado anapata kazi ya maana. Hicho kipande cha pili hakuna anayekisambaza.

Huku kwetu kishindo kimefika kwa njia nyingine. Kampuni changa nyingi za Nairobi zilikuwa zinaishi kwa pesa za wawekezaji wa nje, pesa ikakauka, Sendy ikafunga 2023, Copia ikaingia mikononi mwa wasimamizi 2024, na kampuni za namna hio ndo zilikuwa zinachukua vijana wabichi na kuwafundisha. Kazi za rimoti nazo, zile za kufanyia kampuni ya mbali ukiwa kwako, mtu mwenye miaka kumi ya uzoefu aliyefukuzwa kwingine anaomba nafasi ile ile unayoomba wewe ukiwa Bamburi na laptopu yako. Kwa hivyo ukiniuliza mimi, kutafuta rimoti ukiwa mpya kabisa ndo mlango mgumu kuliko yote saa hii, na nasikitika sana kuona vijana wanaupiga huo huo miezi na miezi.

Na sisi tuko Mombasa bana. Waya za intaneti za chini ya bahari zimetua hapa, SEACOM na TEAMS 2009, EASSy mwaka uliofuata, nchi nzima na majirani wanapitia kwetu, halafu kijana wa Majengo anaamini kazi ya kompyuta ni lazima apande basi aende Nairobi. Tazama bandari. Kontena moja ikishuka Kilindini, habari zake ziko kwa meli, ziko KPA wenye bandari, ziko KRA wa kodi na ushuru, ziko kwenye mfumo wa KenTrade wa vibali vya mizigo, ziko yadi, ziko kwa mwenye lori, na katikati yao kuna dada amekaa kwenye ofisi ya klearing Moi Avenue ananakili namba kutoka skrini hii kwenda Excel, kutoka Excel kwenda skrini ile, kutwa nzima. Pale alipokaa yule dada ndipo kazi zilipo. Hazitangazwi kama kazi za uprogramu, mwenye kampuni anasema tu "natafuta kijana wa kompyuta". Halafu kuna eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki: tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na invoisi ya eTIMS KRA haikukubalii kwenye hesabu za kodi, basi mahoteli, mahospitali, maduka ya jumla ya Biashara Street, wote ikabidi waunganishe mifumo yao, na wengi mpaka leo wanajaza kwa mkono.

Sasa niwaonyeshe ninachouliza kwenye intavyuu. Naandika kwenye karatasi CSQU3054383, namwambia hii ni namba ya kontena, niandikie programu inayojua kama imekosewa. Hizi namba mnaziona kila siku nyuma ya malori Changamwe: herufi nne, tarakimu sita, halafu moja ya mwisho ya kuhakikisha, standadi yake ni ISO 6346. Kila herufi ina thamani yake, A ni 10, B ni 12 manake 11 inarukwa, 22 na 33 pia, kisha unazidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, hivyo hivyo mpaka 512, unajumlisha, unagawanya kwa 11 na kinachobaki ndo tarakimu ya mwisho. Hapo jumla ni 6185, kinabaki 3, iko sawa. Karani akigeuza akaandika 3504383 kinabaki 8, imekataa. AI unaitumia, mimi mwenyewe naitumia kila siku, itakuandikia hii kabla hujameza mate. Mimi nataka kusikia utakayoniuliza. Kikibaki 10 inakuwaje? (Inaandikwa 0.) Karani akiandika herufi O badala ya sifuri? Namba ikikataa, mfumo umzuie kabisa au umuonye tu aendelee, manake lori liko getini, siku za kuweka mzigo bure zinaisha, na storeji ikianza kuhesabu mwenye mzigo anapiga simu kwa hasira? Kijana akinibishia hapo, akiniambia ngoja kwanza nikamuulize karani anapataje hizo namba, huyo namtaka hata kama programu yake haijaisha.

Ndo mabadiliko yenyewe hayo na sitawaficha. Vile vikazi vidogo tulivyokuwa tunampa mtu mpya miezi ya kwanza, fomu hapa, ripoti pale, AI imevichukua, na kampuni nyingi zimeona hazina haja ya mtu wa kufundisha. Hili linaniuma, manake msipoingia nyinyi leo, miaka kumi ijayo mafundi watatoka wapi? Ila anayejua kukagua, anayejua kwamba malipo ya M-Pesa ukiunganisha kwa Daraja, ule mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, jibu laweza kuja mara mbili au lisije kabisa, na akaandika programu isiyomhesabia mteja mara mbili, huyo bado ni adimu.

Pesa ya kuanzia ni kidogo, lazima niseme. Na kuna mabosi wanataka ukae mwaka mzima kama intern kwa nauli tu, hio usikubali: miezi mitatu ya kujuana, sawa, zaidi ya hapo kaa naye mkubaliane kwa maandishi. Wakikuweka kwenye printa na waya za intaneti usidharau pia, kwa sababu ukiwa mle ndani ndo unaona nani ananakili nini, na kile anachonakili ndo programu yako ya kwanza ya kuwauzia.

Kwa wale wa mwaka wa tatu, atachment (yale mazoezi ya kazini) ikija msikimbilie jina la ofisi kubwa mkaishia kupiga fotokopi. Omba yadi ya Miritini, omba sacco ya matatu, omba duka la dawa lenye matawi. Nenda mwenyewe asubuhi na barua yako, uliza meneja wa operesheni badala ya HR, na umwambie akuonyeshe ile Excel inayowachelewesha zaidi.