Barua pepe na data zilizovuja: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Anwani yangu imo kwenye data zilizovuja, basi wameshaingia kwenye barua pepe yangu."

Mara nyingi kilichovuja ni data za tovuti uliyojiandikisha kwa anwani hiyo. Have I Been Pwned, tovuti ya kuangalia kama anwani yako imo kwenye data zilizovuja, iliyoanzishwa na Mwaustralia Troy Hunt mwaka 2013, hukutajia bure ni huduma ipi iliyovujisha, lini, na wezi walichukua nini: nywila, namba ya simu au tarehe ya kuzaliwa. Isome sehemu hiyo kabla hujashtuka. Huandiki chochote ila anwani. Ukurasa ukikudai nywila ya barua pepe ili "ukuangalizie", ufunge upesi.

Dhana: "Sikuonekana, niko salama."

Kwenye tovuti hiyo huonekana tu data zilizokwisha kupatikana. Yahoo ilidukuliwa 2013, na ni Oktoba 2017 ilipokiri kwamba akaunti zote bilioni 3 ziliguswa.

Dhana: "Hayo ya zamani, hayana madhara tena."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ilidukuliwa 2012, lakini data za akaunti zaidi ya milioni 160 zilikuja kuuzwa 2016. Nywila zilikuwa zimefichwa kwa njia dhaifu, nyingi zikafumbuliwa. Mwizi akishapata anwani na nywila, huachia programu izijaribu kwenye huduma nyingine, moja baada ya nyingine. Kama nywila ile ile ya tangu chuoni ndiyo inayofungua barua pepe yako leo, kubadilisha ya LinkedIn peke yake hakujakusaidia.

Dhana: "Nimebadilisha nywila, yamekwisha."

Bado. Kwanza, je, umeanza na barua pepe yenyewe? Huko ndiko hutumwa viungo vya kuweka upya nywila za huduma nyingine zote. Anayeishika ameshika funguo za nyumba nzima. Ipe nywila ndefu isiyotumika popote pengine, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Halafu fungua mipangilio ya kuelekeza barua, maana hili husahaulika kuliko yote: aliyewahi kuingia anaweza kuacha agizo la kumpelekea nakala ya kila barua, na agizo hilo linaweza kubaki hata baada ya nywila kubadilika. Hakikisha namba ya simu na anwani ya akiba ni zako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa muda mfupi, ikiwezekana kwa programu ya simu inayotoa misimbo hiyo badala ya SMS, kwa kuwa laini yako inaweza kusajiliwa upya na tapeli.